Yai Moja, Wanunuzi Wanne

Ibada ilipokwisha, na waumini wa kanisa dogo la Africa Brotherhood Church upande wa Kinanie walipotoka kuketi kwenye mabenchi yaliyopangwa chini ya mgunga, mzee mwenye dhamana ya mnada aliliinua yai moja la kuku wa kienyeji kwa ncha za vidole, kwa taadhima ile ile ambayo mchungaji huinulia kikombe cha meza ya Bwana, akatangaza kuwa ni sadaka na mwenye kulitaka aseme. Fundi mwashi akalinunua kwa shilingi 50, akalipokea, akalirejesha mezani. Mwalimu akalinunua kwa shilingi 100, naye akalirejesha. Mama mwenye kibanda cha mboga akatoa 100 nyingine, akafanya vivyo hivyo. Hata kijana mmoja afanyaye kazi viwandani Athi River alipolipandisha hadi 200, hakulirudisha mezani, bali alikwenda nalo mpaka benchi la mwisho akamkabidhi bibi kizee aliyeketi kimya na kiondo chake miguuni. Shilingi 450 zikaandikwa daftarini. Baadaye nikaambiwa kuwa bibi huyo ndiye aliyelileta.

Jambo hilo halikunitoka moyoni, nikamwendea mzee mnadi, ambaye kazi hii aliirithi kwa babake na ambaye aliniomba nisilitaje jina lake, kwa kuwa mnada, asema, si wake.

Alinieleza kwa utulivu kwamba mwenye kukosa fedha huleta alichonacho: kibaba cha pojo, boga, mbaazi, chupa ya maziwa, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, na kwamba ustadi wa mnadi hauko katika sauti, kama wadhanivyo vijana, bali katika kupanga. Kuku hauzwi kwanza kamwe. Akitangulia, mifuko hukauka juu yake, na kile kibaba cha pojo husalia mezani kikitazamwa na watu wote, na aliyekileta, aliyekichambua usiku kucha punje kwa punje, anasikia. Kwa hiyo huanza na kidogo, watu wangali na fedha na furaha. Bei ya kwanza ikiwa duni mno hujifanya hakuisikia, akauliza tena. Amjua aliyepokea mshahara juzi, amjua mwenye karo ya shule shingoni, na huyu wa pili hamtazami usoni, asije akaona haya akanunua kwa deni. Jina la mletaji halitaji, wala haliandiki. La mnunuzi huandikwa, kwa sababu ya hesabu.

Nilimuuliza desturi hii ilitoka wapi, naye, kama walivyo wazee wengi wa Ukambani, hakuanza na kanisa. Alianza na ng'ombe. Habari zenyewe zajulikana: jinsi serikali ya kikoloni ilivyowakamata ng'ombe wa Wakamba mwaka 1938 kwa hoja kwamba ardhi imechoka, ilhali kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimesimama hapo Athi River kikingoja wa kuchinja, jinsi Muindi Mbingu alivyowaongoza watu kwa maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao, hata serikali ikalegea, naye akahamishiwa Lamu. Miaka saba baadaye, 1945, likaasisiwa kanisa hili la udugu, ambalo makao yake makuu yako Mitaboni, likiongozwa na Waafrika wenyewe, katika nchi ambamo Injili ilikuwa imeshikwa na wamisionari wa Africa Inland Mission tangu Peter Cameron Scott alipopiga kambi Nzaui mwaka 1895.

Kwa fikira za mzee, mambo hayo mawili hayatengani. Watu waliokwisha kuona kwamba hata mali ya zizini yaweza kuondolewa kwa amri ya mgeni walitaka walau pa kusalia pawe pao. Lakini mwenye kuihama nyumba ya mmisionari huiacha na hazina yake, na tangu siku hiyo kila bati na kila msumari ulipaswa kutoka katika mikono ya ndugu, ambao wengi wao hawakuwa na senti. Babake aliona benchi likinunuliwa kwa maboga. Nami naamini, nikiisha kumsikiliza, kwamba historia ya makanisa haya imeandikwa zaidi juu ya meza kama ile kuliko katika mihtasari ya mikutano.

Kinanie ya leo si ile ya babake. Mashamba yamekatwakatwa kuwa ploti, eneo la viwanda vya ngozi limetengwa, wageni wamejenga, na waumini vijana hutuma sadaka kwa M-Pesa kabla hata ya wimbo wa mwisho, kwani wengine zamu zao za kazi haziwangoji. Wapo wanaosema mnada unarefusha Jumapili pasipo sababu. Mzee hawalaumu, na akakiri kwamba fedha za simu zimeziba paa ambalo mayai yasingeliziba upesi. Kinachomsumbua ni kingine. Kwenye simu, asema, kila mmoja atoa peke yake na hakuna amwonaye. Basi yule asiye na kitu katika simu yake aje na nini, na nani atamnunulia?

Nilimuuliza pia, maadamu majina ya waletaji yamo kichwani mwake tu, ni nani atakayeyajua atakapoondoka. Alifikiri kitambo. Alisema babake naye hakumwachia orodha, na kwamba mwanawe mwenyewe, aliye na sauti nzuri kuliko yake, bado huanza na kuku.