Akiba ya watoto wa Suam: kodi hutazama makaazi, si pasipoti

Mtoto wa shangazi yangu, mzaliwa wa Kisauni, kaolewa Suam. Mumewe ni wa Bukwo, ng'ambo ya mto. Watoto wana uraia wa Kenya na wa Uganda. Juzi kanipigia simu: akiba ya ada iko benki ya Kitale na hukatwa kodi. Je, wakihamia Bukwo, Uganda nao watadai chao?

Nikamwambia pasipoti za watoto hazina neno hapa. KRA na URA huuliza makao yako ya kudumu yako wapi, au siku 183 umezikaa upande gani. Kenya hukata asilimia 15 ya faida ya akiba, na kwa mkaazi ndiyo kodi ya mwisho. (Habari ya riba nawaachia masheikh.) Uganda humtoza mkaazi wake kwa mapato ya popote duniani. Mkataba wa Afrika Mashariki wa 2010, wa kuzuia mtu kutozwa mara mbili, ulitiwa saini ukabaki kwenye makabrasha. Lakini sheria ya Uganda yenyewe humpunguzia mtu kodi aliyokwisha kulipa nje, akiwa na ushahidi. Kwa hiyo aombe benki cheti cha makato kila mwaka.

Bima ya elimu ndiyo inayouma zaidi. Ikiwa ni ya miaka 10 au zaidi, Kenya humpunguzia mlipaji kodi kwa asilimia 15 ya michango yake, isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Nafuu hiyo ni ya mkaazi tu. Mume ataka wahame Januari. Bima ya mke ina mwaka wa saba.