Mabomba Makuukuu Nyumbani na Afya ya Mtoto Wako

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho pengine hujawahi kukihesabu kuwa jambo la kliniki: bomba linaloleta maji nyumbani mwako.

Mama anapoleta mtoto anayehara, sisi wauguzi humuuliza, "Mnakunywa maji gani?" Mara nyingi jibu huwa, "Ya mfereji, sista. Si ya mto." Jibu hilo ni la kweli, lakini halijamaliza habari. Kabla ya maji kufika kwenye mfereji wako, yamepita ndani ya bomba. Bomba hilo likiwa limezeeka na kutoboka, maji yaliyotoka kiwandani yakiwa safi huweza kukufikia yakiwa na viini vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu.

MAJI HUCHAFUKA WAPI?

Maji ya bwawa la Ndakaini husafishwa Ng'ethu kabla ya kuletwa Nairobi. Maji ya chemchemi ya Mzima, kule Tsavo, husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililokamilika mwaka wa 1957, mpaka yafike Mombasa. Ni safari ndefu, na kampuni ya maji ndiyo inayoisimamia. Lakini kipande cha mwisho, kutoka kwenye mita hadi mfereji wa jikoni, kwa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Kipande hiki ni kifupi, na ndicho mara nyingi hupita kando ya choo, chini ya jaa la takataka, au ndani ya mtaro wa maji machafu.

Mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu kutoka ndani. Pwani, chumvi iliyo hewani na ardhini huharakisha kazi hiyo. Mabomba ya plastiki nayo, yakiachwa juani au yakikanyagwa, hukauka na kupasuka.

TUNDU DOGO HUFANYA NINI?

Wengi hufikiri kwamba bomba lililotoboka hutoa maji nje tu, basi hasara ni ya bili. Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua mrija wa kunywea soda, utoboe katikati kwa sindano, kisha unywe. Utaona kwamba hewa inaingia kupitia lile tundu na kuchanganyika na soda.

Ndivyo bomba lako linavyofanya. Maji yanapokuja kwa nguvu, hutoka nje kupitia tundu. Lakini siku ya mgao, maji yanapokatika, nguvu huisha ndani ya bomba na bomba huanza kunyonya. Kama kipande kile kimelala ndani ya mtaro, kitanyonya maji ya mtaro. Maji yakirudi, uchafu huo ndio utakaotangulia kuingia kwenye jerikeni yako.

Kwa hiyo, mama, sikiliza vizuri. Ule mpira wa tyubu ya baiskeli tunaofunga bombani huzuia maji kumwagika kwa siku chache, lakini hauzibi tundu sawasawa. Maji yakikatika, uchafu bado hupata njia. Mpira ni wa kungojea fundi. Usiufanye kuwa dawa.

Na wale wanaofunga pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la kampuni, waache. Pampu hiyo huvuta uchafu kupitia kila tundu lililo njiani, ukamfikia mwenye pampu na jirani zake.

DALILI ZA BOMBA LILILOCHOKA

Huhitaji kuwa fundi ili kuzitambua. Angalia haya:

1. Maji ya asubuhi ni mekundu au ya kahawia, na nguo nyeupe zinapata madoa ya kutu.
2. Maji yanatoka kidogo kwako, ilhali kwa jirani yanatoka kwa nguvu. Huenda kutu imejaa ndani ya bomba.
3. Kuna mahali uani ambapo huwa na unyevu au majani mabichi hata wakati wa kiangazi.
4. Maji yana harufu ya mtaro au yana mchanga, hasa baada ya mgao.
5. Bili imepanda na matumizi yako hayajabadilika.

Kuna jaribio moja la mita. Usiku, watu wakishalala, hakikisha mifereji yote imefungwa na tangi halijazwi. Andika nambari za mita. Asubuhi, kabla ya mtu kuchota, zisome tena. Zikiwa zimesonga, maji yanavuja mahali fulani.

Ukiona tone, lipime pia. Weka chombo cha lita 1 chini yake. Kikijaa kwa saa moja, hizo ni lita 24 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720, yaani jerikeni 36 za lita 20. Hesabu hiyo humsaidia mwenye nyumba kuelewa haraka.

TENGENEZA AU BADILISHA?

Bomba likivuja mahali pamoja, kwenye kiungo au penye mfereji, fundi anaweza kutengeneza hapo tu. Lakini likiwa limezibwa leo hapa na mwezi ujao pale, au maji yanatoka na kutu kila siku, limechoka. Libadilishwe.

Kama pesa hazitoshi kubadilisha lote, lifanye kwa vipande, na uanze na kipande cha hatari zaidi: kile kinachopita mtaroni, kando ya choo, au jaani. Kipande kilicho ukutani jikoni kinaweza kungoja.

Fundi anapokuja, simama naye na umwambie haya:

Kwanza, bomba jipya liwe la maji ya kunywa na lenye alama ya KEBS. Mabomba ya plastiki ya maji machafu au ya kupitishia nyaya za umeme hayafai, hata yakiwa ya bei nafuu.

Pili, bomba lipite mbali na choo na mtaro. Ikilazimika kuvuka mtaro, lipite juu yake, likiwa ndani ya bomba jingine kubwa la kulikinga, na pasiwe na kiungo hapo.

Tatu, ncha za bomba zifungwe kwa karatasi ya plastiki safi wakati kazi inaendelea, ili tope lisiingie. Mtaro mpya wa bomba ukijaa maji, yatolewe kwanza.

Nne, kabla ya kufukia, maji yafunguliwe kwa nguvu na kila kiungo kikaguliwe. Kama viungo ni vya gundi, gundi ikauke kwanza. Kisha bomba lifukiwe, lisiachwe juani.

Tano, bomba la zamani likatwe kabisa na lizibwe pale linapoanzia. Likiachwa limeunganishwa, maji hulala humo na kuoza.

OSHA BOMBA KABLA YA KUNYWA

Kazi ikiisha, fungua mifereji yote na uache maji yatoke mpaka yawe meupe bila mchanga. Maji hayo yachote uoshe sakafu au choo.

Kama una tangi, lisugue, kisha uoshe tangi na mabomba kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, isiyo na manukato wala rangi. Soma chupa. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, tumia mililita 150 kwa kila lita 100 za maji ya tangi. Fungua kila mfereji mpaka usikie harufu ya klorini, kisha ufunge na uache kwa saa 24. Maji hayo hayanywewi, hayapikiwi, wala hayaogeshi mtoto. Yamwage yote, jaza maji mapya, na usuuze mpaka ile harufu kali iishe. Usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Watoto wakae mbali.

WAKATI UNANGOJA FUNDI

Maji yanaporudi baada ya mgao, usikinge ya kwanza kwa kunywa. Yakinge kwa kazi za usafi. Yakishakuwa safi machoni, ndipo ujaze jerikeni ya kunywa, na hayo pia uyatibu.

Yachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika 1. Sehemu za juu sana kama Limuru na Nyandarua, dakika 3. Au utumie dawa ya klorini ya maji ya kunywa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na ungoje dakika 30. Hifadhi maji katika chombo chenye mdomo mdogo na kifuniko. Kumbuka pia kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Maziwa ya mama yanamtosha.

NA SISI WAPANGAJI JE?

Swali hili huulizwa kila mara. Mama, usiende peke yako. Kutaneni wapangaji wa ploti, andikeni mlichokiona, mkiwa na ile hesabu ya tone na nambari za mita, kisha mwone mwenye nyumba au keateka. Asipojali, nendeni kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba ilani ya kuondoa hatari hiyo. Nayo Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kama bomba lililopasuka liko kabla ya mita, ripotini kwa kampuni ya maji.

JE, KUCHEMSHA KUNATOSHA?

Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi kutu, chumvi wala madini. Viungo na mifereji mingine ya zamani ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo maji yaliyolala bombani usiku kucha usimpikie mtoto uji. Yatumie kwa kazi nyingine kwanza. Na maji ya kutu, hata kama hayakuleta ugonjwa, yanakuonya kwamba bomba limechoka. Kutu pia humaliza nguvu ya klorini iliyotiwa kiwandani.

MTOTO AKIHARA

Usingoje bomba litengenezwe. Mpe ORS mara moja, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpeleke kituo cha afya apewe zinki. Mkimbize bila kuchelewa ukiona macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, au anahara choo kama maji ya mchele. Na ukifika, mwambie muuguzi habari za bomba lenu. Watoto wawili au watatu wa ploti moja wakihara wiki moja, habari hiyo hutusaidia kujua pa kwenda kuangalia.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Bomba lililotoboka hutoa maji, na maji yakikatika hunyonya uchafu.
- Mpira wa tyubu si matengenezo.
- Anza kubadilisha kipande kinachopita mtaroni au kando ya choo.
- Osha bomba jipya kabla ya kunywa maji yake.
- Maji ya kwanza baada ya mgao si ya kunywa.

Jioni ya leo, mama, fanya jambo moja: fuata bomba lako kwa miguu, kutoka kwenye mita mpaka jikoni, uone linapita wapi.