Kasoro za kuzaliwa za gegedu la trakea

Kasoro za kuzaliwa za gegedu la trakea ni hitilafu za maumbile zinazoanza mtoto akiwa bado tumboni, ambapo gegedu linaloshikilia njia ya hewa hubaki laini mno au huwa na umbo lisilofaa.

Trakea ni bomba linalopeleka hewa mapafuni. Hushikiliwa na pete 16 hadi 20 za gegedu ambazo, kwa kweli, si duara kamili: zina umbo la herufi C, na uwazi wake uko nyuma, upande wa umio, ambako pana utando wenye misuli.

Katika trakeomalasia gegedu ni laini, hivyo bomba hubonyea mtoto anapotoa pumzi kwa nguvu, hasa akilia au akikohoa. Kikohozi chake hufanana na mbweko wa mbwa. Hali hii huwapata sana watoto waliozaliwa na umio uliokatika. Wengi hupata nafuu kufikia umri wa miaka miwili, gegedu likikomaa. Mara nyingi hudhaniwa kuwa pumu, na kosa hilo si dogo: dawa za kutanua njia za hewa hulegeza misuli ya utando wa nyuma, na baadhi ya watoto huzidiwa. Mtoto anayetoa mlio tangu wiki za kwanza, na dawa za pumu hazimsaidii, anastahili kuchunguzwa trakea.

Pete kamili, zenye umbo la O, ni nadra lakini ni hatari zaidi. Utando wa nyuma haupo na njia ni nyembamba. Nusu kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Ndiyo maana hata mafua yanaweza kumtia mtoto hatarini. Mara nyingi mshipa wa pafu la kushoto nao hupita vibaya, kati ya trakea na umio.

Uchunguzi hufanywa kwa bronkoskopi, na picha za CT huonyesha mishipa. Mwaka 1989 madaktari wa London, akiwemo Peter Goldstraw, walieleza upasuaji wa kutelezesha: trakea hukatwa katikati ya sehemu nyembamba, kipande kimoja hupasuliwa mbele na kingine nyuma, kisha hupandishwa kimoja juu ya kingine na kushonwa. Bomba huwa fupi, lakini mzingo wa sehemu hiyo huongezeka karibu maradufu. Baadaye bronkoskopi hurudiwa, kwa kuwa kovu linaweza kuziba njia tena.