"Mkazi wa ufipas": Herufi Kubwa na Wingi wa Nomino za Kiswahili katika Kiunzi cha Django

Makala haya yanaeleza jinsi kanuni za kuunda majina katika Django, kiunzi cha programu kilichotolewa kwa umma mwaka 2005, zinavyogongana na mofolojia na othografia ya Kiswahili. Mifano inatoka Ufipa, mkoani Rukwa, kwa kuwa shina -fipa linaudhihirisha mgongano huo waziwazi.

Tuchukulie mwandishi wa programu mjini Sumbawanga anayeunda rejista ya wakazi. Kwa desturi ya lugha ya Python, iliyoelezwa katika mwongozo wa PEP 8, jina la modeli huandikwa bila nafasi, kila neno likianza kwa herufi kubwa: MkaziWaUfipa. Ili kupata jina la kumwonesha mtumiaji, Django hutenganisha maneno penye herufi kubwa, kisha hugeuza herufi zote kuwa ndogo. Ili kupata wingi, huongeza s mwishoni. Katika ukurasa wa usimamizi herufi ya kwanza hukuzwa, na msomaji hukuta "Mkazi wa ufipas".

Kosa la wingi linajulikana: Kiswahili huonesha wingi mwanzoni mwa nomino. Lakini hata kiunzi kingefundishwa kubadili kiambishi awali, kisingefika mbali. Katika "vijiji vya Ufipa" nomino na kihusishi vyote vimebadilika. Katika "kata za Ufipa" nomino imebaki vilevile, na wingi umebebwa na "za" pekee. Pasipo kujua ngeli, mashine haiwezi kukisia.

Kosa la herufi kubwa, kwa maoni yangu, ni zito zaidi, maana "ufipas" huchekwa na kurekebishwa, ilhali "ufipa" hupita bila kuonwa. Katika othografia ya Kiswahili sanifu, U ya Ufipa hutambulisha nomino ya pekee. Katika msimbo, U hiyo ni mpaka wa neno tu, sawa na W ya "Wa". Ikishatumika kutenganisha, hutupwa.

Wapo wanaisimu wa lugha za Kibantu wanaopendelea kukuza herufi ya kwanza ya shina, kama ilivyo katika isiZulu. Modeli ikiitwa kiFipa, Django itatoa "ki fipa": kiambishi kimegeuzwa neno. Hapa, angalau, mazoea yetu ya kuandika Kifipa yanatukinga.

Tiba ipo. Ndani ya modeli, katika sehemu iitwayo Meta, mwandishi hutangaza verbose_name kuwa "mkazi wa Ufipa" na verbose_name_plural kuwa "wakazi wa Ufipa". Nyaraka za Django hushauri majina haya yaanze kwa herufi ndogo, kwa sababu kiunzi hukuza chenyewe inapobidi. Ushauri huo unafaa kwa "mkazi", wala haufai kwa modeli iitwayo Mfipa: jina hilo hutokea pia katikati ya maagizo, mahali ambapo kiunzi hakikuzi chochote. Hapo M kubwa iandikwe na mwandishi mwenyewe.