Roboti na Saratani ya Umio: Mashine Haimsubiri Aliyechelewa

Juma lililopita mwanakisomo mmoja aliinua mkono darasani. Akauliza: "Mwalimu, nimesikia redioni kuwa huko Ulaya mashine inapasua watu wenye kansa ya njia ya chakula. Sasa daktari anafanya kazi gani?"

Darasa likacheka. Lakini mama mmoja hakucheka. Mumewe alifariki kwa ugonjwa huo. Kwanza ugali ulimkwama, baadaye uji, mwishowe hata maji hayakupita. Alipofikishwa hospitali ilikuwa too, siku zimekwisha. Basi tukaona swali lile si la kuchekesha, tukalijadili.

UMIO NI NINI?

Umio ni njia ya chakula. Ni mrija wa nyama unaotoka kooni mpaka kwenye mfuko wa chakula. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Chukua rula ya shule, utaona ni pungufu kidogo ya hapo. Mrija huu unapita ndani ya kifua, nyuma ya moyo na mbele ya uti wa mgongo.

Saratani ya umio ni uvimbe mbaya unaoota katika mrija huo. Uvimbe ukikua, njia inaziba. Ugonjwa huu unaonekana sana upande wetu wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini.

UPASUAJI WAKE

Uvimbe ukiwa haujaenea, madaktari wanaweza kuutoa. Hukata sehemu kubwa ya umio. Kisha huuvuta mfuko wa chakula juu, wakauunga na kipande cha umio kilichobaki. Kazi hii huchukua saa nyingi.

Kwa njia ya zamani, daktari hufungua tumbo na kifua kwa kidonda kirefu. Mbavu hutanuliwa ili mikono yake ipate nafasi. Baadaye mgonjwa anaumwa sana. Kwa maumivu hayo hawezi kupumua vizuri wala kukohoa, na mapafu huingiwa na maradhi.

ROBOTI INAFANYAJE KAZI?

Roboti ya upasuaji ni mashine yenye mikono ya chuma. Mmoja umeshika kamera. Mingine imeshika visu vidogo, mikasi na koleo. Badala ya kidonda kirefu, daktari hutoboa matundu madogo, na vyombo hivyo hupita humo.

Je, daktari yuko wapi? Yumo chumba hicho hicho. Ameketi hatua chache kutoka kwa mgonjwa, anatazama ndani ya kifua kwa kamera, na kila kitu anakiona kikubwa. Vidole vyake vimeshika vishikio. Akigeuza mkono, chombo kinageuka. Akisimama, nacho kinasimama. Mkono wake ukitetemeka kidogo, mashine inaondoa mtetemeko huo. Daktari mwingine na wauguzi wanasimama kando ya mgonjwa.

Kwa hiyo mashine haipasui yenyewe. Cherehani haishoni bila fundi. Jembe nalo halilimi bila mkulima.

WALIOIJARIBU WALIONA NINI?

Katika mji wa Utrecht, nchini Uholanzi, madaktari walianza kutumia roboti kwa saratani ya umio mwaka 2003. Kuanzia mwaka 2012 walifanya jaribio kwa wagonjwa 112. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipasuliwa kwa roboti, wengine kwa njia ya zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019.

Kwa njia ya zamani, wagonjwa kama 80 katika kila 100 walipata matatizo baada ya upasuaji. Kwa roboti walikuwa kama 59 katika kila 100. Matatizo ya mapafu yalipungua, na maumivu pia.

Lakini sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Waliopasuliwa kwa roboti hawakuishi muda mrefu kuliko wale wengine. Roboti ilipunguza mateso ya kidonda. Haikuishinda saratani zaidi ya mkono wa daktari. Tena mashine hii ni ghali sana, na hospitali nyingi hazina.

LILILO MIKONONI MWETU

Linalosaidia zaidi ni kuwahi. Uvimbe ukishaenea mwilini, upasuaji hauuondoi wote, hata kwa roboti. Hapo madaktari hutumia mionzi au dawa. Wengine huwekewa mrija wa waya ndani ya umio ili chakula kipite. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, imewasaidia wagonjwa wengi kwa njia hiyo.

Basi ukiona chakula kinakwama, au unapungua uzito bila sababu, usiseme "eti ni mwiba wa samaki, utapita." Usiishie kwenye uji tu. Nenda zahanati upewe barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko watapitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni na kuchukua kipande kidogo cha nyama wakipime.

Pia tujikinge. Tuache tumbaku. Tuache ulevi. Na chai ya moto sana tuiache ipoe kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kuwa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio.

Kipindi kilipokwisha, yule mama alisema: "Kumbe ule ugali wa kwanza ndio uliokuwa unatuita hospitali." Ndugu msomaji, ukiitwa, itika mapema.

MASWALI YA KUJADILI

1. Umio uko wapi katika mwili?
2. Nani anaiongoza roboti wakati wa upasuaji?
3. Roboti inapunguza nini, na haiwezi nini?
4. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanayowachelewesha wagonjwa kwenda hospitali?