Sinema ya Ndoto: Habari za Filamu za Ajabu za Ufaransa, 1923 hadi 1933

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwaeleza wasikilizaji, pamoja na wale watakaoyasoma maneno haya katika kitabu hiki, habari za watu wachache waliotengeneza filamu za ajabu katika mji wa Paris baina ya vita kuu mbili. Filamu zao nyingi zilikuwa fupi, wala hazikuleta fedha nyingi. Nyingine zilizomewa, nyingine zikakatazwa na serikali. Walakini zilifundisha jambo moja lifaalo kujulikana na kila atazamaye sinema, nalo ni kwamba picha tuzionazo juu ya kitambaa cheupe zimekatwa na kuungwa na mkono wa mtu, na mkono huo una nia yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Filamu ya siku zile ilikuwa utepe mrefu mwembamba, wenye picha ndogo nyingi zilizopangwa moja baada ya moja. Kila picha imetulia. Hakuna hata moja itembeayo. Mashine ikizipitisha mbele ya taa, picha 16 au zaidi katika kila sekunde, jicho haliwezi kuzitenga, nasi twadhani twaona mtu akitembea. Basi mwenye kutengeneza filamu huukata utepe kwa mkasi, kisha huunga kipande hiki na kile kwa gundi. Akiunga picha ya mtu aliyeshtuka na picha ya simba, sisi twasema, "Yule mtu amemwona simba." Kumbe labda mtu yule alipigwa picha chumbani mwaka huu, na simba akapigwa picha nchi nyingine mwaka uliopita. Hawakuonana kamwe. Tuliowakutanisha ni sisi watazamaji, katika akili zetu.

Watengenezaji wengi wa filamu walijitahidi kuficha viungo hivyo, kama seremala afichavyo misumari, ili hadithi iende sawasawa. Watu tunaowataja leo walitaka viungo vionekane. Kundi lao liliitwa kwa Kifaransa avant-garde, neno la kivita lenye maana ya askari wanaotangulia mbele ya jeshi.

Huenda mtu akauliza, kwa nini waliiacha njia iliyozoewa? Jibu moja ni vita. Vita ya 1914 hadi 1918 iliua askari wa Ufaransa zaidi ya milioni moja. Vijana wengi waliosalimika waliona kwamba wakubwa waliosifu akili, elimu na maendeleo ndio hao hao waliowapeleka katika mauaji yale. Mmoja wao alikuwa André Breton, mwanafunzi wa utabibu. Wakati wa vita alihudumu katika hospitali ya askari walioharibika akili kwa sababu ya mapigano, akasikiliza maneno yao. Tena alijifunza mafundisho ya Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliyesema kwamba ndoto huonyesha tamaa na hofu ambazo mtu amezificha hata nafsi yake isizijue. Katika mwaka wa 1924 Breton alitoa tangazo la kundi lililojiita Wasurealisti, maana yake watu watafutao ukweli ulio juu ya huu tuuonao kwa macho. Walisema kwamba ukweli huo upatikana pale ndoto na kukesha vikutanapo. Na wengine katika kundi hilo wakaona kwamba hakuna chombo kifananacho na ndoto kama sinema: mtu huketi gizani kimya, na picha zikamjia bila yeye kuzichagua.

Hata kabla ya tangazo lile kazi ilikuwa imekwisha anza. Katika mwaka wa 1923 Man Ray, Mmarekani aliyekaa Paris, alitaka kutengeneza filamu upesi. Alichukua utepe usiopata mwanga, akaulaza gizani, akanyunyiza juu yake chumvi na pilipili manga kama mpishi, na mahali pengine akatawanya pini na misumari. Kisha akawasha taa kidogo na kuizima, akausafisha utepe kwa dawa. Pale palipofunikwa na chumvi pakabaki alama, na kwenye kitambaa zikaonekana chembe nyeupe zikicheza kama theluji. Sehemu hiyo ya filamu haikupigwa kwa kamera hata kidogo. Usiku wa kuonyeshwa, utepe ulikatika kwa kuwa haukuungwa vizuri, na ukumbi ukajaa ghasia.

Mwaka uliofuata René Clair alitengeneza filamu iitwayo Entr'acte, ili ionyeshwe katika mapumziko ya dansi moja ya Paris. Ndani yake mna mazishi. Gari la maiti lavutwa na ngamia, na waombolezaji walifuata kwa kurukaruka polepole kama watu waendao majini. Mara gari lakatika na kuanza kukimbia peke yake, nao wanaliandama mbio kwa mitaa na mashamba. Mwisho jeneza laanguka, maiti anatoka akiwa mzima, anacheka, anawagusa watu kwa fimbo yake na kuwatowesha mmoja mmoja. Kuwatowesha ni rahisi: kamera husimamishwa, mtu huondoka, kisha kamera huendelea.

Wanawake nao walikuwamo. Germaine Dulac alionyesha mwaka wa 1928 filamu ya kasisi mmoja na ndoto zake, kwa hadithi iliyoandikwa na Antonin Artaud. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliikataa. Walisema kwamba karibu haina maana, na kama inayo, basi bila shaka ni maana mbaya.

Filamu iliyojulikana kuliko zote hizi ni Un Chien andalou ya mwaka wa 1929, yaani "Mbwa wa Andalusia". Lakini ndani yake hamna mbwa. Waliotunga ni vijana wawili wa Hispania, Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí. Buñuel aliota ndoto ya wingu likiukata mwezi kama wembe ukatavyo jicho. Dalí aliota mkono uliojaa sisimizi. Kutokana na ndoto hizo mbili waliandika filamu nzima kwa siku chache, kwa sharti moja: jambo lolote lenye sababu ya kuelezeka litupwe. Fedha alitoa mama yake Buñuel.

Filamu yaanza na mtu anayenoa wembe. Atoka katika roshani, autazama mwezi. Twaona uso wa mwanamke, na kidole kikifungua jicho lake. Kisha wingu jembamba lapita mbele ya mwezi. Kisha wembe wapita katikati ya jicho. Watu wengi walifumba macho ukumbini, na wengine wangeapa kwamba wameona mwanamke akikatwa. Wahenga walisema macho hayana pazia. Nayo filamu hii ililijua hilo. Lakini na tuhesabu vipande: uso wa mwanamke, mwezi na wingu, kisha jicho la ndama aliyekufa. Ni vipande vitatu na gundi. Maandishi yafuatayo yasema, "Miaka minane baadaye," na mwanamke yule yule atokea akiwa na macho yake mawili mazima.

Ndivyo iendavyo mpaka mwisho. Mtu avuta kwa kamba vinanda viwili vikubwa vyenye punda waliokufa juu yake. Mwanamke afungua mlango wa chumba cha ghorofani, na papo hapo yuko ufukoni mwa bahari. Kila aotaye ajua milango ya namna hiyo. Usiku wa kwanza Buñuel alisimama nyuma ya kitambaa akipiga santuri, na katika mifuko yake alikuwa ameweka mawe ya kujitetea kama watu wangemshambulia. Walimpigia makofi.

Filamu yake ya pili, L'Âge d'or ya mwaka wa 1930, haikupata salama hiyo. Iliwadhihaki matajiri, serikali na dini, na wengi waliona kwamba imevuka mipaka. Tarehe 3 Desemba 1930 watu wa vyama vya siasa kali walivamia ukumbi wa Studio 28, wakarusha wino juu ya kitambaa, wakaharibu michoro iliyotundikwa ukumbini. Siku chache baadaye mkuu wa polisi wa Paris aliikataza filamu yenyewe, na kwa miaka mingi sana haikuonyeshwa hadharani.

Tumeacha mwisho filamu ituhusuyo zaidi sisi watu wa vijijini. Katika mwaka wa 1933 Buñuel alikwenda Las Hurdes, milima ya Hispania yenye umaskini mkubwa, akapiga picha za wanakijiji. Fedha zilitoka kwa rafiki yake Ramón Acín, mwalimu wa uchoraji katika chuo cha walimu cha Huesca, aliyeshinda bahati nasibu akatimiza ahadi yake. Filamu ilionyesha njaa, magonjwa na watoto wasio na viatu, na serikali ya Hispania ikaikataza, kwa kuwa iliona imeaibishwa. Mwalimu Acín aliuawa kwa risasi mwaka wa 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, na mkewe akauawa mwezi ule ule.

Umaskini ule ulikuwa wa kweli. Hata hivyo mahali pamoja msimulizi asema kwamba nyama ya mbuzi huliwa pale tu mbuzi aangukapo mwambani, nasi twaona mbuzi akianguka. Mwenye macho makali huona moshi wa bunduki pembeni mwa picha. Mbuzi yule hakuteleza. Alipigwa risasi na watengenezaji wenyewe. Wanakijiji hawakuushika mkasi, wala hawakuulizwa jinsi wapendavyo kuonyeshwa.

Filamu ya jicho haikudai kuwa kweli. Ilisema ni ndoto. Hii ya milimani ilisema ni kweli, na kwa hiyo mtazamaji hana budi kuiangalia kwa uangalifu zaidi. Basi ndugu wasomaji, mtakapokaa mbele ya picha yoyote, iwe ya kuchekesha au ya habari, jiulizeni maswali matatu. Kipande hiki kimeungwa na kipi? Baina yao kimetupwa nini? Na mkasi ulikuwa mkononi mwa nani?