Kappa, Zimwi la Mtoni

Wengi wetu tumeona viumbe vya ajabu kwenye katuni za Kijapani tukadhani vimebuniwa juzi tu. Kumbe vingi ni vya zamani sana. Chukua mfano wa kappa, zimwi la mtoni. Ana kimo cha mtoto, gamba la kobe mgongoni, na utosini ana kishimo chenye maji. Nguvu zake zote ziko kwenye hayo maji. Ukikutana naye, mwinamie kwa heshima. Naye kwa adabu zake atainama, maji yatamwagika, na nguvu kwisha!

Mwaka 1776 Toriyama Sekien, mchoraji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, alitoa kitabu cha picha za mazimwi kama hayo. Picha zilichongwa kwenye mbao, zikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, hivyo nakala nyingi zikapatikana. Kila zimwi lilichorwa na kuandikwa jina lake, kama kamusi vile. Viumbe ambavyo kila kijiji kilivisimulia kivyake vikapata sura inayotambulika. Mizuki Shigeru, mchora katuni maarufu wa karne ya 20, naye alichota humo.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, hapa pana somo. Wazazi walimtaja kappa ili watoto wasichezee mtoni. Mwambie mtoto "usiende mtoni" tu, kesho kasahau. Mpe zimwi lenye sura, atalikumbuka hadi uzeeni. Ila tusijidanganye: hofu humweka mtoto mbali na maji, haimfundishi kuogelea. Hiyo ni kazi ya mwalimu.